Sheria ya Kuhamisha Wanyama Isiishie Kwenye Lori

Kumhamisha mnyamapori ni kazi inayotaka ujuzi mwingi. Dawa ya usingizi sharti ilingane na uzito wake, kasha liwe imara, na safari iwe fupi kadiri inavyowezekana. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba mnyama akishuka salama kutoka kwenye lori, kazi imekwisha. Kumbe kwa mnyama mwenyewe, hapo ndipo mtihani unapoanza.

Haja ya kuhamisha wanyama haina ubishi. Kifaru mweusi, kwa mfano, huhifadhiwa katika maeneo madogo yenye ulinzi mkali. Idadi ikizidi, vichaka vya malisho huwa haba, madume hupigana, na kuzaliana hupungua. Hapana budi baadhi yao wapelekwe kwingine. Kwa mujibu wa wizara inayohusika, Kenya ilihamisha vifaru 149 kati ya mwaka 2005 na 2017, na waliokufa walikuwa 8 tu. Ni dhahiri kwamba nchi hiyo haikukosa mabingwa.

Hata hivyo, mwaka 2018 yalitokea maafa. Vifaru weusi 11 walitolewa katika hifadhi za Nairobi na Ziwa Nakuru wakapelekwa Tsavo Mashariki. Kumi walikufa muda mfupi baadaye. Wa kumi na moja alishambuliwa na simba, naye akafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mfadhaiko wa kuhamishwa uliungana na sumu ya chumvi, upungufu wa maji mwilini na njaa. Maji ya Tsavo yalikuwa na chumvi nyingi kuliko yale waliyoyazoea. Mwanafunzi akumbuke somo la osmosisi: chumvi ikizidi katika damu, maji hutoka ndani ya seli, na mnyama huona kiu. Asipokuwa na maji mengine hunywa yale yale, na kila anywapo kiu huongezeka.

Chumvi ya maji si siri ngumu kufichua. Hata maabara ya shule yaweza kuvukiza lita moja ya maji na kupima uzito wa masalio. Lakini kupima peke yake hakutoshi. Kanuni yapasa itamke kiwango ambacho kikipitwa, mnyama hasafirishwi, na imtaje mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi hata kama magari yamekwisha kuwashwa.

Nchini Tanzania upo mfano wa subira. Bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko ya Kihansi, katika milima ya Udzungwa, chura mdogo asiyepatikana penginepo duniani alikosa manyunyu yaliyomlea. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kutunzwa. Walianza kurudishwa mwaka 2012, baada ya mabomba ya manyunyu kufungwa korongoni na wataalamu kuchunguza kama makao yale yanawafaa tena. Makao yalitengenezwa kwanza, ndipo mnyama akafuata.

Mwongozo wa mwaka 2013 wa shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, unasisitiza jambo hilo: makao yachunguzwe kabla, wanyama wafuatiliwe baadaye, na pawepo mpango wa kuacha zoezi likienda kombo. Lakini mwongozo ni ushauri tu. Serikali ndizo ziwezazo kuugeuza kuwa sharti la kibali.

Wapo watakaosema kwamba masharti mengi huchelewesha kazi, na majangili hawangoji. Hoja hiyo ina uzito, ila haihalalishi pupa. Kupima maji na malisho katika majira ya mvua na ya kiangazi huchukua mwaka mmoja. Kifaru jike hubeba mimba kwa muda wa miezi kumi na mitano hivi, na huzaa ndama mmoja tu. Vifaru 11 waliopotea hawarudishwi kwa haraka.

Basi kila kibali kidai mambo matatu: vipimo vya makao, kikomo kisichovukwa, na taarifa ya wazi juu ya wanyama baada ya kuachiliwa. Taarifa hiyo ifike hata mashuleni, kwani wanaojifunza osmosisi leo ndio watakaotia sahihi vibali vya kesho.