Sauti inajulikana, mfuko mtupu: nani atalipa wacheza teatre wa redio?

Hapa Baraka, mama akishacheza teatre kwenye redio hawezi tena kupita sokoni kwa jina lake. Watu wanamwita jina la kwenye kipindi na kumuuliza kama yule mume wake mlevi ameacha pombe. Lakini jioni, sauti ile haijamnunulia hata kilo moja ya unga wa muhogo. Mradi ukiisha, teatre inaisha pia, na mama anarudi kwenye meza yake ya ndakala.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Mwezi wa saba mwaka huohuo shirika la USAID lilifungwa. Redio za jamii zinazoishi kwa pesa ya miradi zimeguswa, na mara nyingi teatre ndiyo ya kwanza kukatwa. Je, iko namna nyingine ya kuiendesha? Maisha ya wanawake wawili wa mbali yanaweza kutuonyesha kitu.

Wa kwanza ni Mwingereza, June Spencer, aliyefariki Novemba 2024 akiwa na miaka 105. Alianza kucheza katika The Archers, teatre ya redio BBC, wakati wa majaribio yake mwaka 1950. Nia ya teatre hiyo ilikuwa kusaidia wakulima. Vita kuu ilikuwa imeisha, chakula bado kilikuwa kinagawiwa kwa kipimo, na serikali ilitaka mashamba yazae zaidi. Badala ya kuwahubiria wakulima, redio iliwatungia jamaa moja ya kijijini, na mafundisho yakapitia kwenye maneno yao ya kila siku.

June alicheza Peggy. Kuna wakati aliacha kazi kwa ajili ya kulea watoto wake, mwingine akashika nafasi hiyo, kisha akarudi. Kwenye teatre, mume wa kwanza wa Peggy alikuwa mlevi, na wa pili akapatwa na ugonjwa wa kusahau. Nyumbani pia, mume wa June mwenyewe aliugua ugonjwa wa namna hiyo. Yeye aliendelea na kazi hadi mwaka 2022, akiwa na miaka 103. Aliweza juu ya kitu kimoja: BBC inalipwa na raia wenyewe kwa ada ya kila mwaka. Mfadhili hakuwepo, basi hakuna aliyeweza kuamka asubuhi na kuondoka na mradi.

Wa pili ni Mary Khavere wa Kenya, anayejulikana kama Mama Kayai. Kwa miaka mingi alikuwa mke wa Mzee Ojwang katika Vitimbi, kwenye televisheni ya taifa KBC. Walizoeana na watazamaji hadi wengi wakaamini kwamba ni mke na mume kweli, na sivyo. Jina halisi la Ojwang lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo.

Hapo Kenya nako serikali ilikuwa inalipa. Lakini mwaka 2012, macho ya Ojwang yalipokuwa yanapoteza nuru, ilibidi raia wachangishane ili atibiwe. Alifariki Julai 2015. Nchi nzima ilimlilia, lakini sifa peke yake haikuwa imemwekea akiba ya uzee.

Karibu na sisi tuna mifano pia. Watu wa Fizi waliokimbilia Kigoma wakati wa vita ya 1996 walikuta Radio Tanzania inapitisha Twende na Wakati, teatre iliyoanza mwaka 1993. Ndani yake Mkwaju, dereva wa lori, anakufa kwa ukimwi, na mke wake Tunu anajifunza kujitegemea. Ng'ambo ya ziwa, Studio Ijambo ya Bujumbura ilianzisha Umubanyi Niwe Muryango mwaka 1997, katikati ya vita. Marie-Louise Sibazuri ndiye aliyeiandika, na ilisimulia majirani wa Kihutu na Kitutsi wanaojaribu kuishi pamoja. Ilidumu miaka mingi, lakini kwa pesa ya wafadhili.

Kwa hiyo njia za kulipa ni chache: raia, serikali, mfadhili, au mfanyabiashara. Hii ya mwisho ni ya zamani sana. Huko Marekani, miaka ya 1930, viwanda vya sabuni ndivyo vilivyolipia teatre za redio, na mpaka leo Waingereza na Wamarekani wanaziita kwa jina la sabuni. Fizi nayo ina mawese, na sabuni inapikwa hapahapa. Iko mitumbwi ya injini, wauza samaki, maduka ya simu. Kila mmoja akitoa kidogo kila mwezi, teatre ya dakika kumi na tano kwa juma haishindikani.

Hatari iko. Anayelipa anapenda kuchagua maneno. Katika eneo ambako makabila yamemwaga damu, teatre iliyonunuliwa na mwanasiasa mmoja inaweza kuwasha moto. Walipaji wakiwa wengi na wadogo ni salama kuliko mmoja mkubwa, na maandishi ya teatre yabaki mikononi mwa redio.

Lakini pesa kupatikana haitoshi, Ojwang ametuonyesha. Kabla ya kurekodi sehemu ya kwanza, kuwe na karatasi iliyosainiwa: mchezaji anapata ngapi kwa kila sehemu, nani anamtibu akiugua, na anapata nini kipindi kikirudiwa mwaka kesho. Karatasi hiyo haihitaji mfadhili. Mkurugenzi wa redio na mchezaji wanaweza kuiandika leo.