Wandugu wa Walungu, Fungueni Kamba



Juma lililopita, karibu na soko la Mugogo, nilimkuta kijana kwenye chumba cha maombi, amefungwa kamba mikono na miguu. Alikuwa hajalala siku kadhaa, maneno yanamtoka bila kupumua, na alikuwa amewagawia wapita njia mbuzi wa mama yake akisema yeye sasa ni tajiri. Watu wa maombi walikuwa wanamchapa ili pepo litoke. Watu wamejaa mlangoni na simu, wanachukua video. Wengine wanacheka.

Miezi michache nyuma kijana huyohuyo alijifungia, hali, hasemi, anatamani kufa. Siku zile hakuna aliyekuja na simu.

Ugonjwa wa kupanda na kushuka hivyo madaktari wanauita bipola. Mara nyingi unatembea katika ukoo, na dawa zinautuliza. Lakini watafiti wa nchi nyingi wameona jambo linalotugusa sisi: mgonjwa aliyeteswa, aliyebakwa au aliyetelekezwa utotoni, ugonjwa humwanza mapema, humrudia mara nyingi zaidi, na hatari ya kujiua huongezeka. Si kila mtoto aliyeumizwa ataugua, hapana. Ila kwetu walioumizwa ni wengi mno.

Hesabuni wenyewe. Mei 2007 wauaji waliingia Kaniola usiku. Mtoto aliyekuwa na miaka saba usiku ule leo amepita ishirini, na ni katika ujana ndipo bipola hupenda kujitokeza. Vita mnaijua, siielezi. Lakini kamba haikutoka msituni kwa wauaji! Kamba ni yetu. Fimbo inayomvunja mtoto nyumbani ni yetu. Na mtoto anayeitwa mchawi akafukuzwa alale sokoni, nani anamfukuza kama si sisi?

Basi tufanye hivi. Mtu akikesha usiku mbili, tatu, na hachoki, msingoje: apelekwe kituo cha afya, na kutoka pale SOSAME, Bukavu, wanakotibu wagonjwa wa akili. Likelemba, kikundi chetu cha kuchangiana pesa, linalonunua sahani za harusi linaweza kulipa pikipiki na dawa za mwezi. Ndugu mmoja azishike dawa hizo, maana wengi huziacha wakijiona wamepona, na hapo ugonjwa unarudi. Daktari aambiwe pia yaliyompata mgonjwa akiwa mdogo, hata kama ni aibu ya familia. Machifu nao watafute namna ya kusaidia. Walimu, mtoto anayeshtuka kila mlango ukigongwa msimpige. Kaeni naye, mumsikilize.

Wachungaji, ombeni, hakuna anayewakataza. Lakini muombee mtu aliyekwisha kunywa dawa yake, na asiguswe na fimbo. Mkikataa, sisi waumini tusitoe tena sadaka kwenye chumba ambamo mgonjwa anafungwa kamba.