Msaada Uharibuo Kazi ya Fundi

Majira haya, mavuno ya alizeti na vitunguu yakiisha kuuzwa, nchi yetu ya Singida hujaa sauti ya nyundo. Kila aliyepata kitu ataka kutengeneza nyumba yake kabla mvua za Novemba na Desemba hazijafika. Huyu aziba bati livujalo, yule akandika ukuta uliopasuka, na mwingine aondoa udongo wa tembe la baba yake apate kuezeka bati. Jambo hilo ni jema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini pamoja na sauti hiyo ya nyundo iko sauti nyingine ambayo wasomaji wetu waijua sana, ndiyo sauti ya mwenye nyumba akimfundisha fundi kazi yake. Juu ya sauti hiyo twataka kusema mwezi huu, wala hatutasema kwa upole.

Mambo huenda hivi. Mtu amwita fundi, nao wapatana ujira. Siku ya kwanza mwenye nyumba aketi kivulini na kutazama. Siku ya pili asimama. Siku ya tatu amekwisha kushika nyundo. Asema, "Fundi, nakusaidia tu." Naye fundi, kwa kuwa ni kijana na mwenye nyumba ni mtu mzima, aona haya kumkatalia. Ajibu, "Ahsante, mzee," na moyoni mwake ahuzunika. Ikifika jioni misumari imepigwa bondeni mwa bati badala ya mgongoni, na kila msumari wa namna hiyo ni mlango uliofunguliwa kwa maji, maana maji ya mvua hupita bondeni.

Twajua kwamba kazi ya kumsaidia fundi ipo, tena ni kazi ya heshima. Vijana waifanyao huitwa saidia fundi. Lakini saidia fundi hutii. Aambiwapo leta maji huleta maji, aambiwapo chekecha mchanga huchekecha, wala hapandi juu ya bati ila ameitwa. Mwenye nyumba ataka jina la saidia fundi pasipo utii wake. Ataka kusaidia na kuamuru kwa mkono mmoja, na jambo hilo halijapata kufaa katika kazi yo yote tuijuayo, hata katika shule.

Tumejiuliza sababu yake ni nini, nasi twadhani ni tembe. Wazee wetu wa Unyaturu na Iramba hawakumwita fundi ili kujenga. Kila mtu mzima alikuwa fundi wa nyumba yake. Alikata nguzo zenye panda, akalaza boriti, akapanga fito na majani, kisha akatandaza udongo juu, na majirani wakaja kumsaidia. Paa likivuja alipanda akaongeza udongo, na kazi ikaisha. Juu ya tembe watu huanika nafaka, watoto hucheza, na mzee huketi jioni akitazama ng'ombe wakirudi. Matembe yangaliko, ingawa yazidi kupungua, nasi hatuyadharau hata kidogo. Ni nyumba zenye akili nyingi katika nchi hii ya upepo.

Lakini mwenye nyumba ameondoa tembe na kuacha desturi zake ndani ya kichwa. Apanda juu ya bati kama apandavyo juu ya udongo, akanyaga katikati ya papi, na bati lajikunja. Aona saruji, adhani ni udongo wa namna nyingine, na hapo ndipo hasara ilipo kubwa. Udongo wa kukandika ukikauka waweza kuutia maji tena ukaufinyanga, hauna kinyongo. Saruji si hivyo. Ikiisha kutiwa maji, baada ya saa moja au mbili huanza kushika, na aitiaye maji mara ya pili ili ilainike, na kuipaka ukutani, apaka kitu kilichokwisha kuvunjika nguvu. Tena maji yakizidi tangu mwanzo, yakikauka huacha vitundu vidogo visivyoonekana, na ukuta huwa dhaifu. Tumewaona wenye nyumba wakimwaga ndoo nzima katika mchanganyiko fundi alipokwenda kula, kusudi kazi iende upesi. Na kazi ikiisha, pale palipotakiwa maji, hawaleti! Saruji mpya yataka kunyeshewa kila siku, zisipungue siku saba, na nguvu yake hupimwa kwa siku 28. Basi huu ndio msaada ambao fundi angeufurahia, yaani mwenye nyumba achukue debe lake asubuhi na jioni anyeshee ukuta. Lakini kazi hiyo haina watazamaji.

Hata katika kununua vitu hutaka kusaidia. Wengi hudhani bati la geji 32 ni nene kuliko la geji 28, kwa kuwa 32 ni zaidi ya 28. Kumbe hesabu ya geji huenda kinyume, namba ikizidi bati hupungua unene. Fundi aliandika 28 katika karatasi. Mwenye nyumba akaenda dukani, akaletewa 32 kwa bei ndogo, akarudi akijisifu. Siku hizi wako na wengine ambao wameona picha zitembeazo katika simu, mtu wa nchi nyingine akiezeka nyumba kwa dakika tano, nao wamekuwa mafundi kabla ya chakula cha mchana.

Haya yote tungeyavumilia kama yangekuwa ujinga tu, maana ujinga hufundishika. Lakini mara nyingi chini ya msaada huo imefichwa choyo. Siku ya malipo mwenye nyumba asema, "Kazi hii tulifanya wawili," kisha akata ujira wa siku mbili, au wa siku tatu. Fundi hakumwomba. Fundi alitumia siku moja kung'oa misumari ya mwenye nyumba na kuipiga upya, na siku hiyo nayo hailipwi. Wasomaji wetu ni watu wa kanisani. Na wafungue Waraka wa Yakobo, mlango wa 5, mstari wa 4, wasome habari ya ujira uliozuiliwa, kisha watuambie kama Mtume aliandika juu ya matajiri wa mbali peke yao.

Na wafungue tena kitabu cha Kutoka. Musa alionyeshwa mlimani mfano wa hema, hakuna mwenye nyumba yo yote wa Singida aliyepata kuonyeshwa nyumba yake vizuri hivyo. Walakini hakumnyang'anya Bezaleli patasi. Watu walileta vitu, dhahabu na shaba na singa za mbuzi, wakaleta kila asubuhi. Na waliosema kwamba sasa vyatosha na kuzidi walikuwa ni mafundi wenyewe, naye Musa akawasikiliza akawazuia watu wasilete tena. Kazi ilipokwisha ndipo Musa alipoitazama, akaona imefanywa sawasawa, akawabariki. Mtu atatujibu kwamba katika siku za Nehemia hata mfua dhahabu na mtengeneza marhamu walijenga ukuta. Ni kweli. Lakini hatusomi kwamba walikata ujira wa waashi.

Je, mafundi hawana kosa? Wanalo, tena si dogo. Wako wapokeao fedha za kwanza na kutoonekana mwezi mzima. Wako washikao nyumba tatu kwa wakati mmoja, na saruji ya nyumba ya kwanza ikaonekana katika nyumba ya tatu. Mwenye nyumba aliyepata kuibiwa hatumlaumu akisimama karibu. Walakini kumlinda mtu si kumshikia nyundo. Hesabu mifuko asubuhi, hesabu mifuko mitupu jioni. Weka pima maji juu ya tofali utazame, maana pima maji halina upendeleo. Na mapatano yaandikwe, ya kazi gani, ya siku ngapi, ya fedha kiasi gani, nani anunue nini. Tumewafundisha kuandika kwa miaka mingi, nanyi mwaandika barua za harusi na za misiba, lakini nyumba ya thamani ya ng'ombe kumi mwapatana kwa mdomo, mkiwa mmesimama njiani.

Sasa tuseme jambo lililotufanya tushike kalamu. Katika kijiji kimoja cha Iramba, kabla ya mvua za mwaka jana, tulikuwapo mtu mmoja alipotengenezewa paa la baraza. Ni mtu wa heshima, na kanisani ana kiti chake. Fundi alikuwa kijana aliyetoka chuo cha ufundi, mwenye adabu. Alimwambia, "Baba, upande huu ndio upepo unakotokea. Misumari ikae karibu karibu." Mzee akacheka. "Kijana, mimi nilijenga tembe kabla hujazaliwa. Nenda upande wa nyuma, huku nitamaliza mimi." Akapiga msumari mmoja palipotakiwa mitatu, akabakiza misumari ya nusu kilo, akatuonyesha kwa furaha. Nasi tuliona. Tulijua kwamba upepo wa huku kwetu hauligandamizi paa kutoka juu tu, huingia chini ya ukingo wa baraza na kuliinua. Tulijua, tukanyamaza, kwa kuwa yeye ni mzee na sisi ni walimu waliokaribishwa chai.

Usiku mmoja wa Novemba upepo ulikuja mbele ya mvua. Mabati manne yaling'oka, na moja liliangukia zizi la jirani likamkata mtamba mguu, ikabidi achinjwe. Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, mzee alisimama akawaambia watu kwamba fundi yule ni mwongo na kazi yake ni ya kitapeli, na kwamba hatamlipa fedha zilizosalia. Watu walimsadiki. Waliokuwa wamepatana na kijana yule walivunja mapatano, watatu katika juma moja. Sisi tulikuwapo hapo nje ya kanisa pia.

Tulikwenda kwa mzee baadaye, faraghani, tukamwambia tuliyoyaona. Hakukasirika. Alisema atafikiri. Kijana amekwisha kuhamia Manyoni, na fedha zake bado hazijapelekwa. Nasi tulipopita pale juzi tuliona mabati yale manne yamerudishwa, mzee ameyapiga mwenyewe, na juu yake ameweka mawe makubwa manane yazuie upepo.