Raba za zamani zimerudi uwanjani, enka za watoto ziko salama?

Machi 8, 1998, Michael Jordan aliingia katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, akiwa na raba aina ya Air Jordan 1 za mwaka 1985, zilezile za mwanzo wa safari yake katika Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Marekani (NBA). Alifunga pointi 42 na timu yake ya Chicago Bulls ikashinda. Lakini mwenyewe alisimulia baadaye kuwa hadi kufika mapumziko miguu ilikuwa inavuja damu. Raba zilimbana, na soli yake haikuwa na ulaini wa kupunguza kishindo kama raba alizokuwa amezizoea kufikia mwaka huo.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa sasa, kwa sababu raba za zamani zimerudi kwa kishindo. Kampuni kubwa zinatengeneza upya mitindo ya miaka ya 1980 na 1990, na vijana wanaipenda. Kwa kutembelea mtaani hakuna shida. Shida inaanza pale mtoto anapoingia nayo uwanjani jioni, na mzazi akiamini kwamba kwa kuwa bingwa fulani aliivaa, basi inamfaa mwanawe kuchezea.

Enka inavyoumia

Katika mpira wa kikapu, kifundo cha mguu, maarufu kama enka, ndicho kiungo kinachoumia mara nyingi zaidi. Mchezaji anaruka, anashuka, anakanyaga mguu wa mwenzake au anageuka ghafla, na wayo unapinda kuelekea ndani. Nyuzi za ligamenti zilizo upande wa nje wa enka zinavutwa kupita kiasi au kuchanika. Huko ndiko kuteguka.

Watafiti wa Australia walifuatilia wachezaji wa kikapu katika zaidi ya mahudhurio 10,000 ya uwanjani na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Karibu nusu ya majeraha ya enka yalitokea wakati wa kutua baada ya kuruka. Aliyewahi kuteguka alikuwa katika hatari karibu mara tano ya yule ambaye hajawahi. Na waliovaa raba zenye vifuko vya hewa kisiginoni walikuwa katika hatari zaidi ya mara nne ya wengine. Watafiti walidhani kuwa huenda vifuko hivyo vinapunguza utulivu wa kisigino wakati wa kutua.

Huo ni utafiti mmoja, na hauwezi kuhukumu kila raba yenye hewa. Lakini unatufundisha kwamba ulaini pekee si usalama. Kiatu kinachofaa ni kile kinachopunguza kishindo na wakati huohuo kushika kisigino kisiyumbe.

Shingo ndefu si kinga

Wazazi wengi huchagua raba yenye shingo ndefu wakiamini italinda enka. Mwaka 1993, watafiti wa Marekani walichapisha jaribio lililohusisha wachezaji 622 wa vyuo, waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya raba fupi na ndefu. Hawakuona tofauti ya maana katika idadi ya walioteguka.

Sababu si ngumu kuielewa. Mchezaji anapotua vibaya, uzito wake wote unasukuma enka kwa nguvu kubwa kuliko ngozi au kitambaa cha kiatu kinavyoweza kuzuia. Kinachozuia ni misuli ya mguu iliyo tayari, na soli pana isiyoyumba.

Tofauti kati ya zamani na leo

Air Jordan 1 ya mwaka 1985 ilikuwa na ngozi juu, soli bapa ya mpira na kifuko kidogo cha hewa kisiginoni. Kwa wakati wake ilikuwa raba ya kazi. Leo, ikilinganishwa na raba zilizoundwa kwa ajili ya mchezo, ni nzito na ina ulaini mdogo chini ya wayo. Mtoto anayeruka mara nyingi kwenye sakafu ya saruji atalisikia hilo kwenye visigino na magoti.

Hata hivyo, si kila raba yenye sura ya zamani ni dhaifu. Kuanzia mwaka 2018, raba za Kobe Bryant zimekuwa zikitolewa upya kwa jina la Protro. Sura ni ileile, lakini baadhi ya vitu vya ndani na soli vimeboreshwa kwa ajili ya mchezo, na wachezaji wengi wa NBA wanazivaa katika mechi. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si kama mtindo ni wa zamani au mpya. Muulize kama raba imetengenezwa kwa kuchezea au kwa kuvalia tu.

Hatari nyingine ni umri wa kiatu chenyewe. Raba nyingi za zamani zina soli ya kati ya poliyurethani, aina ya povu ambalo huharibika taratibu likipata unyevunyevu, hata kama kiatu hakijavaliwa. Raba inaweza kuonekana mpya kabisa, lakini soli ikameguka kama mkate mkavu siku ya kwanza ya mazoezi. Kwa sisi wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, na ambako raba nyingi zinanunuliwa mitumba, jambo hili si dogo. Soli ikiachia mtoto akiwa hewani, anayelipa ni goti au enka.

Kagua kabla ya kulipa

Kunja raba kwa mikono miwili. Inatakiwa ikunjike pale vidole vinapokunjika. Ikijikunja katikati, haishiki wayo. Kisha ishike kisigino na ncha, uizungushe kama unayekamua nguo. Ikizunguka kirahisi, iache. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Ikiwa na nyufa, ikitoa unga au ikiwa ngumu kama ubao, imekwisha. Angalia gundi pembeni na alama za chini. Soli iliyolika inateleza, hasa kwenye uwanja wenye vumbi.

Mpe mtoto aijaribu jioni, maana miguu huvimba kidogo mchana, akiwa amevaa soksi za mchezo. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Usinunue kubwa ili "akue nayo", kwa kuwa wayo utateleza ndani. Wala usimvalishe inayobana kwa sababu ndiyo iliyopatikana. Kumbuka damu ya Jordan.

Ulinzi usio wa gharama

Utafiti wa mwaka 2006 kwa wanafunzi 765 wa sekondari nchini Marekani, wachezaji wa soka na kikapu, ulionesha kuwa mazoezi ya mizania yalipunguza hatari ya kuteguka kwa asilimia 38. Nyumbani mtoto anaweza kuanza kwa kusimama kwa mguu mmoja nusu dakika, kisha kufumba macho, kisha kudaka mpira akiwa hivyo. Kwa aliyewahi kuteguka, kishikilia enka chenye kamba kinachovaliwa juu ya soksi kinasaidia. Katika utafiti wa mwaka 2011 uliohusisha wachezaji wa kikapu 1,460 wa sekondari, waliokivaa waliumia enka kwa kiwango cha karibu theluthi moja ya wasiokivaa.

Akiteguka, mtoe uwanjani mara moja. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, funga bandeji bila kukaza sana, na inua mguu. Usimkande kwa maji ya moto wala kumchua katika siku mbili hadi tatu za mwanzo, kwani kunaongeza uvimbe na damu kuvujia ndani.

Mpeleke hospitali apigwe eksirei ikiwa hawezi kutembea hatua nne, au anaumia ukibonyeza mfupa wenyewe wa upande wa enka. Kwa watoto ambao bado wanakua usichelewe, kwa sababu karibu na enka kuna sehemu laini ambako mfupa hurefukia, na inaweza kuvunjika huku wote mkidhani ameteguka tu. Maumivu ya kisigino yanayorudi kila baada ya mazoezi kwa mtoto wa miaka 8 hadi 14 nayo yanahitaji daktari.

Mtoto akikuomba raba ya Jordan, si lazima umkatalie. Mnunulie ya kuvaa akitoka, ukiweza. Ila ya uwanjani ikague mwenyewe, kwa mikono yako.