Usiuze mbuzi wa Akko ndio ununue foili ya mtu wa YouTube

Niko Rapsu wiki hii, nimekuja kusalimia watu wa nyumbani. Jana binamu yangu alinishika kando ya mfereji wa shamba, simu mkononi, video imesimamishwa katikati. "Brathe, nikiuza mbuzi sita naweza pata foili kama hii?" Kwenye video kuna jamaa wa Hawaii anapaa juu ya mawimbi kama hana kilo hata moja.

Nilimwambia hapana. Akanuna. Sasa wacha nieleze hapa vizuri, kwa sababu DM zenu pia zimejaa swali hilohilo.

Kwa mgeni: kwa wing foiling unasimama juu ya ubao, umeshika mkononi bawa la kitambaa lililojazwa hewa. Chini ya ubao kuna mlingoti, na mwisho wa mlingoti, ndani ya maji, kuna mabawa mawili, kubwa mbele na dogo nyuma. Hiyo ya chini ndiyo foili. Ukishika kasi inainua ubao wote, na kelele ya maji inakatika ghafla. (Nikisema "wing" huku nyumbani wanasikia "wingu", na kwetu wingu ni habari tamu kuliko mchezo wowote.)

Mimi niliuza mbuzi. Si wangu, wa nyanya yangu, Akko. Alinipa nikienda Diani kutafuta kazi, akasema wanisaidie nikikwama. Nilipata kibarua cha kushikia wageni vifaa ufuoni, nikaonja huo mchezo mara mbili kwa ubao wa kuazima, kichwa kikaharibika. Jamaa fulani alikuwa anauza foili ya mtumba: kaboni, nyembamba, bawa la mbele sentimita 900 za mraba. Inang'aa. Nikalipa pesa yote.

Msimu mzima wa kusi sikupaa. Siku baada ya siku naburuta ubao kama ng'ombe aliyegoma, watalii wa umri wa baba yangu wanapita juu yangu wakinipungia mkono. Nilijilaumu mimi, miguu yangu, hata nikasema labda watu wa kutoka bara hatukuumbiwa bahari.

Upuuzi. Ilikuwa hesabu tu. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800, ndiyo maana bawa dogo hivyo linaweza kubeba mtu mzima. Lakini nguvu ya kuinua inategemea ukubwa wa bawa na kasi, na kasi inahesabiwa mara mbili: ukienda mara mbili haraka, nguvu inakuwa mara nne. Sasa igeuze. Bawa la 900 likibeba mwili uleule na bawa la 1,800 la umbo lilelile, linahitaji kasi zaidi kwa asilimia 40 hivi kabla halijakutoa majini. Mtu anayejua kusukuma ubao na kulishika bawa la juu vizuri ataipata hiyo kasi. Mwanafunzi kwa upepo wa kawaida? Manze, utazeeka.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na najua kuna wasee wa vifaa watanirukia: anza na bawa kubwa, nene, la kuchosha macho, halafu kaa nalo. Usilibadilishe kwa sababu umeona jipya. Libadilishe likianza kukukataa. Utajua tu. Upepo ukipiga kwa nguvu litataka kukurusha juu, na utajikuta umeegemea mbele safari nzima ukilikandamiza lishuke. Hapo umelizidi. Kabla ya hapo, unanunua picha ya Instagram.

Na hata hapo usikimbilie kununua. Mlingoti unafungwa kwenye reli mbili chini ya ubao, na unasogea. Pua ya ubao ikipanda ovyo, rudisha mlingoti nyuma sentimita moja au mbili ujaribu tena. Bawa la nyuma nalo unaweza kulibadilisha pembe kwa kuweka kipande chembamba cha plastiki chini yake. Ni karibu bure, na unaweza kudhani umepanda foili tofauti. Lakini gusa kitu kimoja kwa siku. Ukibadilisha bawa, mlingoti na pembe asubuhi moja, jioni hutajua nani alikuangusha.

Urefu wa mlingoti hao wa video hawakuambii, kwa sababu wao wako kwenye maji ya kina. Diani kuna mwamba, na ndani ya mwamba maji kupwa yanakuwa ya magotini sehemu nyingine. Paje kule Zanzibar bahari inarudi mbali kabisa. Mlingoti wa sentimita 90 hapo ni kesi. Mimi wangu uligonga jiwe, nikaruka mbele ya ubao, nikatua sentimita chache kando ya bawa lenye makali. Kovu sina, bahati tu. Wa 70 hivi unatosha kujifunza, na uvae helmeti, hakuna aibu. Angalia maji kujaa na kupwa kabla hujaangalia upepo.

Kitu cha mwisho kilichonimaliza: kampuni nyingi kila moja ina viungo vyake. Bawa la huyu haliingii kwenye mlingoti wa yule. Nilipotaka kuhamia bawa kubwa, foili yangu ya kung'aa haikuwa na ndugu hata mmoja pwani nzima. Kwa hivyo usiulize foili gani ni kali. Uliza watu wa ufuo wako wanatumia ya nani, ili siku ya kubadilisha uazime, ujaribu, ununue kipande kimoja. Seti mpya kamili inaweza kukula pesa ya boda mpya. Na kabla ya kulipia ya mtumba, mwambie muuzaji afungue kila skrubu mbele yako. Chumvi ikikaa kati ya alumini na chuma, vinashikana kama vimechomelewa. Asipoweza kufungua, ondoka.

Ile ya 900 niliiuza kwa hasara. Nikanunua kuukuu, alumini, 1,800, imechubuka rangi. Siku ya tatu nilipaa. Sekunde kumi labda. Nililia, si uongo.

Binamu bado amenuna. Nimempa ofa: aje Diani Desemba kaskazi ikianza, atumie yangu mpaka imchoshe, mbuzi wabaki zizini. Akko alikuwa anasikiliza akisonga chai. Akaniuliza wale wake waliishia wapi. Nilimwonyesha video yangu nikipaa. Ameitazama mara mbili, akarudisha simu, akasema, "Na maziwa inatoa?"