Dira Janja za Maji: Hesabu Ianzie Kwenye Ndoo

Na Mwandishi Wetu

Kwa zaidi ya muongo mmoja Lukole, mkoani Kagera, ilijulikana kwa jambo moja: kambi ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia machafuko yaliyofuatia kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993. Kambini maji yalihesabiwa kwa lita kwa kila kichwa kwa siku, na aliyefungua bomba hakulipa hata senti, kwa kuwa gharama za pampu, dawa na mafundi zilibebwa na jumuiya ya kimataifa. Kambi ilifungwa mwaka 2008. Wageni wakarejea makwao na mashirika yakaondoka. Likabaki swali ambalo leo linaulizwa katika kila kijiji na kila mji wa nchi yetu: nani anayalipia maji, analipa kiasi gani, na chombo gani kinapima alichotumia?

Swali hilo limepata uzito mpya kwa sababu Wizara ya Maji imekuwa ikizielekeza mamlaka za maji kuhamia kwenye dira za malipo ya kabla, ambazo mwananchi huzifananisha mara moja na LUKU ya umeme. Dira janja huhesabu maji, hutuma taarifa za matumizi kwa njia ya mtandao wa simu au redio bila msomaji kupita nyumba kwa nyumba, na huwa na vali inayofunga maji salio linapokwisha. Uzoefu upo nchini. Iringa ni miongoni mwa miji iliyotangulia kuzitumia. Kinachojadiliwa sasa ni namna ya kuzieneza kwa haraka, na kwa kuwa kila dira ni gharama kubwa kuliko ile ya kawaida, macho yameelekezwa kwenye ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi chini ya sheria ya mwaka 2010 na marekebisho yake, likiwamo lile la mwaka 2023.

Hoja ya msingi ya wanaounga mkono mpango huo ni upotevu wa maji. Kiwango kinachokubalika na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ni asilimia 20, ilhali taarifa za miaka ya karibuni zimeonyesha wastani wa kitaifa unaozidi theluthi moja ya maji yanayozalishwa. Ni maji yaliyokwisha kuvutwa kwa pampu, kutiwa dawa na kusukumwa hadi kwenye tenki, lakini hayarudishi shilingi.

Hata hivyo neno "upotevu" linaficha mambo mawili tofauti. Yapo maji yanayovuja ardhini kutokana na mabomba chakavu, na yapo yanayofika kwa mtumiaji ila hayalipiwi, ama kwa wizi, ama kwa dira mbovu, ama kwa ankara isiyolipwa. Tuseme mamlaka inazalisha uniti 1,000, inapoteza 350, na kati ya hizo 200 zinavuja barabarani kabla ya kufika kwenye nyumba yoyote. Dira janja, hata ikiwa ya kisasa namna gani, itaokoa sehemu tu ya zile 150 zilizosalia. Mbia anayelipwa kwa asilimia ya makusanyo hatakuwa na sababu ya kufukua bomba lililooza la barabara kuu, isipokuwa mkataba umlazimishe. Kwa hiyo mamlaka inayotaka kujua ugonjwa wake inapaswa kufunga kwanza dira kubwa kwenye matoleo ya matenki na kwenye kila kanda ya usambazaji, ilinganishe kilichoingia na kilichouzwa, ndipo izungumze na mwekezaji.

Kuna pia suala la upepo, ambalo wataalamu hulipita upesi na wananchi hawalisahau. Mahali maji yanapotoka kwa mgawo, hewa hujaa kwenye mabomba na maji yanaporudi huisukuma kupitia dira. Dira za kawaida zenye panga huzunguka na kuhesabu hewa kana kwamba ni maji. Mteja wa malipo ya baada anaweza kubeba ankara yake akalalamike dirishani. Mteja wa malipo ya kabla fedha yake imekwisha kukatwa. Dira zinazopima kwa mawimbi ya sauti huweza kutambua bomba lisilo na maji, lakini bei yake ni ya juu, na ni hapo mzabuni wa bei ya chini anapopata mwanya.

Tanzania haiingii kwenye ubia wa maji ikiwa mgeni. Mwaka 2003 huduma ya maji ya Dar es Salaam ilikodishwa kwa kampuni ya City Water Services, iliyoongozwa na ubia wa Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani, kwa mkataba wa miaka 10. Makusanyo hayakufikia matarajio, na mwezi Mei 2005 Serikali ilivunja mkataba. Mwezi Julai 2008 baraza la usuluhishi la kimataifa la ICSID liliamua kwamba Tanzania ilikiuka baadhi ya wajibu wake katika mkataba wa uwekezaji kati yake na Uingereza, lakini halikuipa kampuni fidia. Tulitoka bila kulipa fidia, naam, ila miaka ya ukarabati ilipotea, na jiji liliendelea kununua maji kwenye madumu. Funzo lililo wazi ni kwamba mbia aliingia akiwa na makadirio yasiyolingana na hali halisi ya wateja na mtandao wa mabomba. Daftari la wateja likiwa na mashaka, mkataba wowote unaojengwa juu yake unakuwa na mashaka yaleyale.

Njia nyingine imeonyeshwa na Tanga. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya jiji hilo iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, yenye muda wa miaka 10 na riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ambayo iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hapa mtaji binafsi umeingia bila mwekezaji kushika vali wala dirisha la malipo. Mamlaka inabaki na wateja wake na inabeba deni lake. Kwa maoni ya mwandishi, kwa mamlaka yenye hesabu safi, njia hii ina faida kuliko kugawana kila shilingi ya ankara na mwuza dira.

Lakini Ngara si Tanga. Wilaya ina maji: Ruvubu na Kagera zinakutana karibu na maporomoko ya Rusumo, ambako umeme wa megawati 80 unagawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Wilaya ina pia hazina ya nikeli ya Kabanga, ambayo ikianza kuchimbwa itavuta watu, nyumba za kupanga na mahitaji makubwa ya maji. Hata hivyo idadi ya wateja waliounganishwa katika mji mdogo haitoshi kumvutia mwekezaji peke yake, wala mji huo hauwezi kuuza hatifungani. Endapo ubia utafika ukanda huu, utafika kwa kuunganisha miji kadhaa katika zabuni moja, Ngara na Biharamulo zikiwa pamoja na miji mikubwa zaidi. Bila hivyo mbia atachagua nyama na kuwaachia wadogo mifupa.

Na Lukole yenyewe, kama vijiji vingine, iko katika mfumo wa vijijini unaosimamiwa na RUWASA, wakala ulioanza kazi mwezi Julai 2019, kupitia vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii. Huko mjadala si wa dira ya kila nyumba; ni wa kituo cha kuchotea maji. Na hapo ndipo hesabu ya ndoo inapohitajika. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Ndoo ikiuzwa shilingi 50, mnunuzi analipa shilingi 2,500 kwa uniti. Familia ya watu sita inayotumia lita 25 kwa kila mmoja itahitaji lita 150 kwa siku, ndoo saba na nusu, uniti nne na nusu kwa mwezi, sawa na shilingi 11,250. Ndoo ikiuzwa shilingi 20 gharama hiyo hushuka hadi 4,500. Nairobi ilijaribu jambo hili mwaka 2015 ilipofunga mashine za kuuza maji kwa kadi katika mtaa wa Mathare, ndoo ikiuzwa nusu shilingi ya Kenya, mbali chini ya bei ya wachuuzi. Teknolojia, basi, inaweza kumshushia maskini bei. Inaweza pia kumpandishia, iwapo gharama ya kifaa na gawio la mbia vitapachikwa juu ya ndoo.

Liko jambo zito zaidi. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwapo kwa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo. Mlipuko ulitangazwa kumalizika mwezi Machi. Katika mlipuko wa namna hiyo ushauri wa kwanza kwa kila kaya ni kunawa mikono. Vali inayojifunga salio likiisha haijui kwamba kuna mlipuko. Nchini Afrika Kusini mabishano juu ya dira za malipo ya kabla huko Phiri, Soweto, yalifika hadi Mahakama ya Katiba, ambayo mwaka 2009 iliamua kwamba dira hizo zilikuwa halali. Lakini hata huko jiji lilikuwa likitoa uniti sita za bure kwa kila kaya kwa mwezi. Mikataba yetu haina budi kutaja kiasi kisichofungwa, kaya zinazohusika, na nani analipia.

Taasisi za umma, ambazo ni miongoni mwa wadaiwa wakubwa wa mamlaka za maji, ndizo zinazofaa kuanza. Ofisi ikifungiwa maji italipa. Zahanati na shule ziwekewe utaratibu wake. Aidha, taarifa za matumizi ya kila nyumba ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu, iwe kompyuta inayozihifadhi ipo Dodoma au ng'ambo.

Betri ya dira hizi hukadiriwa kudumu takriban miaka 10, muda unaoweza kukaribiana na ule wa mkataba wa ubia. Mbia anaweza kukabidhi mtambo mwezi uleule ambao maelfu ya betri yanaanza kufa. Kipengele cha nani anayezibadilisha, na kwa fedha ya nani, ndicho ambacho mwanasheria wa mamlaka angepaswa kukisoma kwanza, kabla hajafika kwenye ukurasa wa gawio.