Bangili ya mgonjwa wa kisukari iandikwe nini?

Mgonjwa wa kisukari, sukari ikishuka chini ya 4 kwenye kipimo, huanza kutoka jasho, kuyumba na kuongea ovyo. Watu wa njiani husema amelewa, wanampita. Simu iliyofungwa kwa namba ya siri huenda isiweze kumsemea.

Ndiyo maana tunaona bangili au mkufu ni bora kuliko kadi ya mfukoni. Chagua chuma kisichoshika kutu, maandishi yachongwe kwa Kiswahili: jina, “Kisukari, natumia insulini”, namba ya ndugu.

Wapo wanaoona aibu kujulikana. Tunawaelewa, lakini anayekuokota umezimia hawezi kukuuliza.

Nawe ukimkuta mtu ameanguka, tazama kwanza mkono na shingo. Akiwa hajitambui, usimnyweshe kitu, mwahishe hospitali.